Haidrojeni safi na gesi ya jiko la mkaa: mambo ambayo kamati inapaswa kuyafahamu



Miongoni mwa mambo ambayo kamati za parokia na wahisani hujadiliana mara kwa mara ni umeme: umeme wa zahanati, wa shule, wa mialo ya samaki. Mkoa wa Kigoma ulikaa miaka mingi ukitegemea jenereta za dizeli, hadi mwaka 2022 ulipounganishwa na Gridi ya Taifa. Hata hivyo laini haijafika kila kona ya mwambao, na wenye vifaa vya kuuza wanalijua hilo. Siku hizi kati ya vifaa vinavyotajwa ni mashine ya haidrojeni. Tunaambiwa kwamba inatoa umeme na maji tu, haina moshi wala kelele.

Maneno hayo ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu gesi moja ambayo nyumba nyingi za Ujiji na Kigoma zinayajua madhara yake hata kama hazijui jina lake. Inahusu pia chembe ndogo mno za metali zinazotumika kuiondoa gesi hiyo. Kamati ikielewa nusu hiyo ya pili itaweza kusoma pendekezo la mradi na kutambua lililo salama na lisilo salama.

Gesi ileile ya mkaa

Mkaa unapowaka kwenye hewa ya kutosha, kaboni iliyomo huungana na oksijeni mbili na kuwa kaboni dioksidi. Hewa ikiwa haba, kila kaboni hupata oksijeni moja tu. Hapo inatoka kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ndiyo maana jiko la mkaa lililokwisha kushika moto vizuri, lisilotoa moshi hata kidogo, huonekana salama kuingizwa chumbani usiku wa mvua, kumbe huo ndio wakati wa hatari.

Gesi hii huua kwa namna ya pekee. Ndani ya damu kuna himoglobini yenye chembe za chuma, na kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Kaboni monoksidi hukaa palepale panapopaswa kukaa oksijeni, na hung'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anapumua vizuri lakini mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na kwetu ni rahisi mno kudhani ni malaria. Baadaye huja usingizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kwamba kwa muda wa saa moja mtu asivute hewa yenye zaidi ya miligramu 35 za gesi hii katika mita moja ya ujazo, yaani takriban sehemu 30 katika milioni moja ya hewa. Aliyepatwa na gesi hii atolewe nje mara moja na apelekwe penye oksijeni.

Tumeanza na mkaa kwa sababu yanayotokea ndani ya damu ndiyo yanayotokea pia ndani ya mashine ya haidrojeni.

Haidrojeni inatoka wapi

Wengi hudhani haidrojeni inachimbwa kama gesi ya Songo Songo au Mnazi Bay. Kwa sehemu kubwa sivyo. Inatengenezwa, na kiasi kikubwa cha haidrojeni inayotumika duniani hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Gesi asilia huchanganywa na mvuke wa maji katika joto la nyuzi 700 hadi 900, ikipitishwa juu ya kichocheo cha nikeli. Kinachotoka ni haidrojeni pamoja na kaboni monoksidi nyingi. Hali ni hiyohiyo ukianza na methanoli, au ukichoma kwa hewa haba makapi ya michikichi yanayobaki baada ya kukamua mawese. Popote penye kaboni ndani ya malighafi, gesi hii itatokea.

Viwandani hatua ya kwanza ya kuipunguza ni kuikutanisha tena na mvuke. Kaboni monoksidi huchukua oksijeni ya maji na kuwa kaboni dioksidi, na maji yaliyonyang'anywa oksijeni yanabaki kuwa haidrojeni zaidi. Kwanza hutumika kichocheo cha oksidi ya chuma na kromiamu kwenye joto kali, kisha cha shaba na zinki kwenye joto la nyuzi 200 na kidogo. Ni kazi nzuri, lakini haimalizi. Hubaki takriban nusu asilimia hadi asilimia moja.

Asilimia moja ni sehemu 10,000 katika milioni. Mashine inayoitwa seli ya fueli, ile aina ya kawaida inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 80 hivi, huanza kudhoofika kaboni monoksidi inapozidi sehemu 10 hivi katika milioni. Kwa magari ya haidrojeni kiwango cha kimataifa ni kikali zaidi, yaani sehemu 0.2 tu. Kwa maneno mengine, mashine hii haivumilii hata kiasi ambacho binadamu anaruhusiwa kuvuta kwa saa nzima.

Sababu yake ni kwamba ndani ya seli kuna platinamu, na haidrojeni inapaswa kutua juu ya platinamu hiyo ili igawanyike na kutoa umeme. Kaboni monoksidi huwahi na kukalia nafasi zote, kama inavyokalia himoglobini. Haidrojeni inapita bila mahali pa kutua, na umeme unashuka.

Mfuko wa urea wa Kasulu

Jambo hili si geni kwetu kama linavyosikika. Mkulima wa mahindi wa Kasulu au Buhigwe anaponunua mfuko wa urea, ananunua kitu kilichopitia njia hii yote. Urea hutengenezwa kwa amonia, na amonia hutengenezwa kwa haidrojeni na naitrojeni zinazokutanishwa juu ya kichocheo cha chuma. Chuma hicho nacho hulemazwa na kaboni monoksidi. Kwa hiyo kiwanda cha mbolea husafisha haidrojeni yake kwanza, na mara nyingi hatua ya mwisho ni kupitisha gesi juu ya nikeli ili mabaki ya kaboni monoksidi yageuke kuwa methani, ambayo haidhuru chuma. Wafaransa Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens ndio walioonyesha kwamba nikeli inaweza kufanya hivyo, mwaka 1902. (Nikeli nyingi ipo jirani yetu, Kabanga wilayani Ngara, ingawa inasubiriwa zaidi kwa ajili ya betri.)

Njia ya nikeli ina gharama yake. Kila kaboni monoksidi moja inayogeuzwa kuwa methani hula haidrojeni tatu. Kiwandani hasara hiyo inavumilika. Kwa mashine ndogo ya kuwasha friji ya chanjo si jambo la kudharau, ndiyo maana wataalamu walitafuta njia ya kuichoma kaboni monoksidi peke yake, katikati ya haidrojeni, bila kuichoma haidrojeni yenyewe.

Kuanika metali kama dagaa

Ili kuelewa njia hiyo, fikirini mwalo wa Kibirizi. Dagaa wakirundikwa, wa juu watakauka na wa ndani wataoza, kwa sababu jua na upepo haviwafikii. Wakitandazwa juu ya kichanja, wavu ukipitisha hewa juu na chini, kila dagaa anafanyiwa kazi na jua. Kichanja chenyewe hakikaushi, lakini bila kichanja jua halifanyi kazi yake ipasavyo.

Platinamu nayo ni hivyohivyo. Katika kipande kizima cha platinamu ni tabaka la juu tu linalogusana na gesi. Zilizo ndani ni mali iliyolala. Kwa hiyo metali hutandazwa kama chembe ndogo sana juu ya unga wa kitu cha bei nafuu chenye vitundu vingi, mara nyingi alumina, yaani oksidi ya aluminiamu. Gramu moja ya alumina nzuri ina uso wa mita za mraba 200 hivi, zaidi ya kiwanja cha mpira wa wavu. Metali ikiwa asilimia moja tu ya uzito, au hata chini ya hapo, inatosha. Wataalamu wanasema metali imebebwa, na kile kichanja wanakiita mbebaji.

Platinamu yenyewe inajulikana zamani kwa tabia hii. Mwaka 1823 Mjerumani Johann Wolfgang Döbereiner alipuliza haidrojeni juu ya sponji ya platinamu, ikawaka yenyewe bila kiberiti. Taa za namna hiyo ziliuzwa Ulaya kabla viberiti vya kisasa havijaenea.

Sasa, ikiwa platinamu inawasha haidrojeni kirahisi hivyo, tutaichomaje kaboni monoksidi bila kuiteketeza haidrojeni? Hapa ndipo kuna jambo la kufurahisha, kwa maoni yangu zuri kuliko yote katika habari hii. Ule ung'ang'anizi wa kaboni monoksidi unageuzwa kuwa faida. Gesi inayotoka kwenye hatua ya mvuke huongezewa hewa kidogo, kisha hupitishwa juu ya platinamu iliyobebwa na alumina, kwenye joto la kati ya nyuzi 100 na 200 hivi. Kaboni monoksidi inakimbilia kwenye platinamu na kuijaza, hivyo haidrojeni haipati pa kutua. Joto linapotosha, baadhi ya nafasi huachwa wazi, oksijeni inaingia, inakutana na kaboni monoksidi iliyo jirani na kuichoma kuwa kaboni dioksidi. Kinachoitia sumu seli ya fueli ndicho kinachoilinda haidrojeni humu.

Lakini ulinzi huo una kikomo. Kaboni monoksidi inapokaribia kwisha, viti vinabaki vitupu na haidrojeni inaanza kuwaka. Kuwaka huko kunaongeza joto, na joto likizidi haidrojeni inawaka zaidi. Kwa hiyo hewa isizidi na joto lisizidi, na yote mawili yanahitaji vipimo vinavyofanya kazi saa zote. Baadhi ya watengenezaji huweka chuma kidogo pamoja na platinamu. Chuma hukamata oksijeni kwa upande wake, na kazi inaanza kwenye joto la chini zaidi.

Dhahabu, karabai na mawe ya Kapalagulu

Dhahabu tunayoifahamu hapa nchini, ya Geita na kwingineko, inathaminiwa kwa sababu haibadiliki. Haishiki kutu na haichomi kitu. Katika miaka ya 1980 Mjapani Masatake Haruta na wenzake waligundua kwamba dhahabu ikisagwa kuwa chembe za nanomita chache tu (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita) na kubebwa na oksidi za metali kama ya chuma, tabia yake inageuka kabisa. Mwaka 1987 walitangaza kwamba inachoma kaboni monoksidi hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri. Kwa kusafisha haidrojeni, dhahabu ina uzuri kwamba hufanya kazi karibu na joto la seli yenyewe. Tatizo lake ni kwamba chembe hizo huchoka na kushikamana haraka kuliko za platinamu.

Kitu cha tatu kimo kwenye karabai. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika walivua usiku kwa karabai kwa vizazi, ingawa wengi sasa wamehamia taa za betri na za sola. Kile kitambaa cheupe kilichokuwa kinang'aa ndani ya karabai kilivumbuliwa na Mwaustria Carl Auer von Welsbach, na katika utengenezaji wa mwaka 1891 kilikuwa na oksidi ya thoriamu asilimia 99 na oksidi ya seriamu asilimia moja. Oksidi hiyo ya seriamu ina tabia ya kutoa oksijeni yake na kuirudisha tena, kama ghala linalokopesha na kulipwa. Leo ni mbebaji anayependwa sana. Shaba iliyobebwa na oksidi ya seriamu inaweza kuchoma kaboni monoksidi ndani ya haidrojeni bila kutumia metali ghali kabisa, na kwa nchi zetu nadhani hiyo ndiyo njia ya kufuatilia kwa karibu.

Oksidi hiyohiyo imo pia chini ya magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Kwenye bomba la kutolea moshi kuna kopo lenye umbo la sega la nyuki ndani yake, na juu ya sega hilo kuna platinamu, paladiamu na rodiamu zikichoma kaboni monoksidi ya injini. Wako mafundi wanaolitoa na kuliuza. Gari linaendelea kutembea kama kawaida, ila moshi wake unakuwa na sumu zaidi kwa anayesimama nyuma yake.

Tusisahau kwamba metali hizi zimo hata katika ardhi ya upande wetu. Karibu na ufuko wa mashariki wa ziwa, kusini mwa mji wa Kigoma, kuna miamba ya Kapalagulu yenye nikeli, shaba na metali za jamii ya platinamu. Kampuni za Goldstream na Lonmin ziliichunguza miaka ya 2000. Uchunguzi ule haukuzaa mgodi, na haifai mtu aambiwe kwamba platinamu ya nyumbani itashusha bei ya mashine.

Namna kichocheo kinavyokufa

Kichocheo hakiliwi na kazi yake, lakini kinaweza kuharibiwa. Joto likipita kiasi chembe zinahama, zinakutana na kuwa madonge, sawa na dagaa waliokokwa kutoka kwenye kichanja na kurundikwa. Salfa iliyomo katika gesi chafu inashika metali na haitoki kirahisi. Risasi nayo ni adui. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia huko Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 karibu zote zilikuwa zimeacha. Sababu kubwa ilikuwa afya ya watoto, lakini pia petroli ile ilikuwa inaua yale makopo ya kwenye magari.

Kamati iulize nini

Pendekezo la mashine ya haidrojeni likiletwa, swali la kwanza si bei. Ni haidrojeni yenyewe inatoka wapi. Ikiwa inapatikana kwa kugawanya maji kwa umeme, kaboni haimo, na habari ya kaboni monoksidi haipo. Lakini basi kamati ijue kwamba umeme unaotumika kugawanya maji, haidrojeni ikahifadhiwa na kurudishwa kuwa umeme, hurudi takriban theluthi moja tu au zaidi kidogo, wakati betri nzuri hurudisha zaidi ya asilimia 80. Kwa zahanati yenye friji ya chanjo, taa na darubini, paneli za sola na betri zinatosha na mafundi wake wapo Kigoma. Mimi sioni sababu ya kuiacha njia hiyo. Haidrojeni ya umeme ina nafasi yake kwenye mambo makubwa kama mbolea, na Kenya ilitoa mkakati wake wa taifa mwaka 2023 ikiiweka mbolea mbele.

Ikiwa haidrojeni inatokana na methanoli, gesi ya mitungi au makapi ya michikichi, kaboni monoksidi imo kwa lazima, na maswali yanaongezeka. Muuzaji aandike kwa maandishi ni kiasi gani cha gesi hiyo kinabaki baada ya kusafishwa, na kinapimwa na nini. Aeleze pia gesi inakwenda wapi dakika za mwanzo, kabla kichocheo hakijapata joto, maana wakati huo hakisafishi chochote. Ni lazima bomba litoke nje ya jengo na mbali na madirisha ya wodi. Kichocheo kinadumu saa ngapi za kazi, kipya kinaagizwa wapi, na nani atalipa baada ya mhisani kumaliza muda wake? Zipo seli zinazofanya kazi kwenye joto la nyuzi 160 na zaidi ambazo huvumilia hadi asilimia moja ya kaboni monoksidi au zaidi, na kwa hiyo hazihitaji usafishaji mkali. Ziko rahisi kutunza, lakini gesi iliyomo ndani yake ni hatari zaidi ikivuja.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni kwa mitambo inayogeuza makapi kuwa gesi ya kuendeshea injini. Gesi hiyo kwa kawaida ina kaboni monoksidi karibu asilimia 20. Haisafishwi, kwa sababu injini inaitumia kama fueli. Mtambo wa namna hiyo ujengwe mahali pa wazi, chini ya paa lisilo na kuta, na mlinzi asilale hapo.

Wahisani wanaweza kusaidia kwa jambo dogo. Kila mradi wenye jenereta, mtambo wa gesi au jiko la mkaa karibu na vyumba vya kulala, bweni la shule likiwemo, uwekewe kengele ya kaboni monoksidi. Ndani ya kengele nyingi za aina hiyo kuna seli ndogo yenye platinamu. Kaboni monoksidi ikiifikia inachomwa, umeme kidogo unatokea, na umeme huo ndio unaopiga kengele. Seli hiyo nayo inachoka, kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 10, na tarehe yake ya mwisho huandikwa nyuma ya kifaa. Mtunza stoo aiandike tarehe hiyo kwenye daftari la mali siku kifaa kinapopokelewa.